Mtoni Jina Halitajwi

Mwanangu Skola,

Sikuulizi hujambo, maana umetoka hapa sasa hivi na sahani yako haijakauka. Umekwenda kumuaga shangazi yako Tekla, na ninavyomjua wifi yangu, hatakuachia mpaka akulishe upya, akuombee, halafu akusimulie alivyokuogesha siku uliyozaliwa. Kwa hiyo nina nafasi. Mambo ya kula, kulala, kufunga mlango na wanaume wa Dar es Salaam siyaandiki. Nimeyasema wiki nzima, mpaka baba yako akanikatiza: "Mama Benedi, mtoto anakwenda kuandika mchezo wa redio, haendi vitani." Nikamwambia vitani angalau angepewa bunduki.

Nataka kuandika lile ambalo sikuweza kulisema nikikutazama usoni.

Lakini kwanza niache nijisifu kidogo, usininyime. Kijiji kizima hiki kinajua kwamba binti yangu kesho anapanda basi kwenda kuandika mchezo utakaosikika nchi nzima. Wamejuaje? Nimewaambia mimi. Aliyekuwa hajasikia nimemfuata kwake. Hata yule muuza samaki anayekuja na baiskeli kutoka Msimbati nilimsimamisha, nikamwambia, akaniuliza, "Sasa mama, unanunua samaki au hununui?" Mimi shule yangu iliishia darasa la saba, na la saba lenyewe nililisoma huku nachunga ndege kwenye mpunga. Lakini hiyo akili ya hadithi umeitoa kwangu, watake wasitake. Baba yako nampenda, ila huyo hawezi kukusimulia hata alichokula mchana.

Sasa turudi siku ile ya simu. Nilikuwa uani nabangua korosho, mikono imejaa majivu ili mafuta yake yasiniunguze. Ukaweka simu sauti ya juu, ulitaka nisikie unavyosifiwa. Yule dada wa studio akausifu mto wako, akawasifu wanakijiji wako, akasifu hata mbuzi. Halafu akasema, "Ila huyu Mama Chausiku, Skola, simwamini. Mamba anamkamata mwanawe, yeye anaingia majini kama anaingia sokoni. Haogopi kitu, hana aibu, hana wasiwasi. Binadamu wa wapi huyo?"

Ukajibu kwa sauti ndogo, "Lakini dada, mama yangu ndivyo alivyo."

Akacheka, si kwa ubaya. Akakwambia njoo, nafasi yako ipo, lakini huyo mama usipompa woga wa kuaminika mchezo hautarushwa, watachukua wa mtu mwingine.

Nisikufiche, nilivimba kichwa. Binti yangu amesema mbele ya mtu wa Dar kwamba mama yake haogopi kitu! Nikaendelea kubangua huku najichekea peke yangu. Ila tangu siku hiyo nimekuona unavyohangaika. Ukamwongezea Mama Chausiku kilio. Ukamwongezea kupiga magoti. Juzi ukanisomea pale anapopiga ukunga, anararua khanga yake, anasema, "Ee mto, umenila!" Ukaniuliza, "Hapo vipi, mama?" Nikasema hapo pazuri sana.

Nilikudanganya. Huo ni woga wa ngoma.

Umeona mwenyewe vijana wanapotolewa jandoni, mapiko wanapoingia uwanjani na vinyago usoni, miguu inachapa vumbi. Wanawake tunapiga mayowe, tunakimbia, tunaangushana vichakani. Wanaume wanataka tuamini kwamba ni mzimu umefufuka. Na sisi tunajua ni nani! Mimi baba yako nilimtambua kwa kidole gumba cha mguu kabla hajanioa. Tulikuwa tunakimbia huku tunaulizana, "Leo nani yule?" "Si fundi baiskeli yule!" "Basi piga kelele, shoga, atanuna!" Woga ule ni mtamu, mtu anaungojea mwaka mzima. Mama Chausiku wako analia hivyo hivyo. Analia ili asikike. Woga wangu mimi haukuwa na sauti hata kidogo, na ndio uliomuua kaka yako.

Naomba usiache kusoma hapo.

Hadithi ya mto unaijua, nimekusimulia tangu unanyonya. Jinsi mamba alivyomkamata Benedi. Jinsi nilivyoingia na mti wa kuchotea maji, ule mrefu tunaofunga kopo mwishoni ili mtu asisogelee ukingo. Jinsi nilivyomchoma jicho mpaka akamwachia. Yote hayo ni kweli. Nilimchoma, mti ukakatikia mkononi, na kovu lipo kiganjani, umelishika mara nyingi. Kulikuwa na wanaume watatu pale wanafunga mitumbwi na hakuna hata mmoja aliyelowesha goti. Hilo nitajisifu nalo mpaka kaburini, na wewe usithubutu kulipunguza.

Lakini siku zote naanzia mamba akiwa ameshamkamata. Hujawahi kuniuliza kabla ya hapo kulikuwa na nini.

Kabla ya hapo tulikuwa wanawake ukingoni tunachota, tunacheka. Watoto walikuwa wanaoga ndani ya uzio wa magogo. Uzio ule wanaume wa hapa huupigilia majini mafuriko yakishapungua, na mwaka ule maji yalikuwa yameung'oa upande mmoja. Walisema watauziba mpunga ukivunwa. Mpunga ukavunwa, wakasema salfa ikishapulizwa. Salfa ikapulizwa mikorosho, wakasema korosho zikiuzwa. Korosho zikauzwa, zikanywewa. Baba yako siku hiyo hakuwepo, alikuwa amekwenda Naliendele kutafuta miche ya mikorosho, maana mvua za kwanza zilikuwa zimeanza.

Na kanuni yetu unaijua, ingawa nyinyi mliokulia maji ya bomba mnaichukulia mchezo: mtoni jina la mtu halitajwi. Kuna mamba wa mto na kuna mamba wa kutumwa na mchawi, na huyo wa kutumwa anangojea jina. Mwanamke akimwita mwanawe kwa jina pale ukingoni, kisha jambo likatokea, watu hawasemi mtoto ameliwa. Wanasema mama yake amemkabidhi. Ndiyo maana kule tulikuwa tunaitana "we", "mwenzangu", "we mtoto".

Nikaona maji yanajikunja pale penye pengo. Mamba sikumwona. Niliona maji yanatembea na upepo haupo. Jina la Benedi likaja mpaka kwenye ulimi, nililihisi kabisa. Nikawatazama wanawake wenzangu. Nikasema, "We mtoto! Toka!"

Watoto wote wakatoka mbio. Kila mmoja alidhani anaambiwa yeye. Benedi peke yake alibaki, maana hakuna kitu alichokipenda kama kuona mwenzake akigombezwa. Akageuka kutafuta ni mtoto gani leo anayesemwa na mama yake. Alikuwa anacheka.

Huo ndio woga wangu, Skola. Mamba sikuwa na muda wa kumwogopa. Niliwaogopa wanawake wenye ndoo.

Na kule kuingia kwangu majini, ambako watu wanakuita ushujaa, mimi mwenyewe sijui nikuite nini. Nilikuwa naogopa kurudi ukingoni mikono mitupu niwakute wamesimama wananingoja. Woga mmoja ulinifunga mdomo, mwingine ukanisukuma majini. Nilimtoa. Alikata roho tukiwa njiani, hatujafika hata kwenye mikorosho ya mwenyekiti. Na njia nzima nilikuwa namwita jina lake kwa sauti, Benedi, Benedi, kwa sababu mto tulikuwa tumeshaupa mgongo na sasa ilikuwa ruhusa.

Msibani wifi yangu Tekla alikaa nami kwenye mkeka. Alinifuta uso. Akavuta khanga anifunike miguu, akaitazama miguu yenyewe, akaitazama tena. Kisha akasema, polepole lakini si polepole ya kutosikika, "Wifi, mbona wewe mzima?"

Wanawake waliokuwa wanachambua mchele mikono ikawasimama hewani. Kweli nilikuwa mzima. Zaidi ya kiganja sikuwa na hata mkwaruzo.

Sasa nakuja mahali ambapo peni inakuwa nzito. Wewe ulikuwa tumboni. Baada ya kumzaa Benedi nilikaa miaka bila kushika mimba. Nilikunywa mizizi ya kila bibi wa pwani hii, nikaenda kanisani nikawasha mishumaa, nikarudi kwenye mizizi. Halafu nikashika. Tumbo halijaanza hata kuonekana vizuri, mto ukamchukua mkubwa. Unaiona hesabu yenyewe. Kabla ya arobaini nilishaisikia nyuma ya mgongo wangu kwenye foleni ya mashine ya kusaga: ametoa mmoja apewe mwingine.

Maneno hayo sijawahi kuyatamka. Nimeyaandika sasa hivi, nimeweka peni chini, nimekwenda kukoroga mboga isiyohitaji kukorogwa, nimerudi. Yanakuhusu wewe, na maisha yako yote nimeyafukia kwa njia moja tu niliyoijua: kujisifu. Kila msiba, kila harusi, kila foleni, nilikuwa wa kwanza kusimulia. Nilisimulia kwa mikono na miguu, nikainama kama mamba, nikaruka kama mimi, nikaonyesha kovu. Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakasema Veronika huyu si mtu. Nani atanong'ona habari ambayo wewe mwenyewe unaipigia kelele? Ukitaka kumwandikia Mama Chausiku woga, usiutafute pale anapolia. Utafute pale anapowachekesha watu.

Baba yako naye umwangalie vizuri kabla hujaondoka. Alirudi kesho yake, miche imefungwa nyuma ya baiskeli, akakuta turubai limetandazwa uani. Hakupiga kelele. Baada ya mazishi akaipanda ile miche yote, mmoja mmoja, watu wakadhani amechanganyikiwa. Kisha akaanza kuchimba kisima. Wazee wakamwambia, "Bwana, ardhi hii ya juu haina maji, babu zetu walishajaribu." Akajibu, "Nachimba tu." Alichimba mpaka akawa anatoka kwa ngazi, udongo mkavu kama unga. Mpaka leo hajakanyaga mtoni, na ukimuuliza atakwambia magoti yanamsumbua. Lile shimo tunalotupia maganda ya korosho, ambalo ulikuwa unaniuliza nani alichimba shimo kubwa hivyo kwa ajili ya takataka, ndicho kisima chenyewe. Mimi mchezo nisingeuweza, ila mwanamume wa hivyo akitokea redioni, hata akiwa hasemi neno, ningesikia jembe lake nikajua.

Na wewe nilikuumiza, bila kujua. Bomba lilipoletwa kijijini ulikuwa mdogo. Bombani hakuna mamba, hata mtoto anajua. Mimi nikifika pale na ndoo ulimi unakunjika. Wenzako wanaitwa na mama zao, "Asha, shika kata! Mwajuma, geuza ndoo!" na mimi nakuita "we mtoto". Siku moja ukaniuliza njiani, "Mama, jina langu ni baya?" Nikakugombeza. Nikakwambia mtoto hodari haulizi maswali ya kijinga. Ulipokwenda sekondari mjini ukapanga chumba mtaa wa Rahaleo, yule mwenzako mliyekuwa mnalala naye aliniambia akicheka, "Mama, Skola ukimwita anageuka kwanza kuangalia nyuma yake kama anaitwa mwingine." Nilicheka naye. Kwenye gari la kurudi nilijifunika khanga usoni, nikasema vumbi.

Huyo dada wa Dar anadhani woga ni kitu cha kumpa mtu, kama kofia. Labda kwenye karatasi ndivyo, sijui, hiyo kazi ni yako. Kwangu mimi ulikuja kukaa mahali ambapo haukuwa na kazi yoyote, pale bombani, na ukapata wa kumla. Ukamla mtoto ambaye mto wenyewe haukuwahi kumgusa.

Sasa usije ukamchukia shangazi yako. Hata saa hii anakulisha kwa moyo wake wote, na ni kweli alikuogesha, hilo halisingizii. Miaka mingi nimemwombea apate mapele ya ulimi, halafu siku moja nikiwa napalilia nikakumbuka jambo nililokuwa nalijua siku zote. Mumewe alikuwa mmoja wa wale watatu waliokuwa wanafunga mitumbwi. Unaona alivyobanwa? Kama mimi si mchawi, basi mumewe ni mwoga aliyesimama anatazama mtoto wa shemeji yake akiliwa, na yeye analala naye kitanda kimoja. Alinihitaji niwe mchawi ili apate usingizi. Ukimweka shangazi kwenye mchezo wako, usimfanye mbaya. Mwekee mume.

Kwenye karatasi zako Mama Chausiku anasimama ukingoni anaita, "Juma! Juma! Mwanangu Juma!" Ulipolisoma hilo nywele zilinisimama, na si kwa uzuri wake. Watu wa kwetu wakilisikia watazima redio, watasema mwandishi huyu mto kauona kwenye picha. Litoe jina hilo kinywani mwake. Mwache aseme "we mtoto". Ila kabla hajasema, mwache atazame kushoto na kulia, aone nani anamwona. Ukishafanya hivyo nadhani hata ukunga hutauhitaji.

Nimejiuliza sana kama nikupe hili. Nikikupa, likarushwa, redio inasikika mpaka ng'ambo kwa ndugu zetu wa Msumbiji. Watu watakumbuka. Watairudia hesabu yao, na safari hii wana wa kumnyooshea kidole: si ndiye yule aliyenunuliwa, ndiyo maana ana bahati mjini. Utalisikia. Nimeona bora ulisikie kwangu kwanza, kwa mwandiko wangu, kuliko kwa mtu atakayekuuliza huku anachokonoa meno. Na nisipokupa, mchezo utakataliwa, utarudi na karatasi zako, tutakaa wote uani tunabangua korosho. Mungu anisamehe, kuna asubuhi nililipenda wazo hilo. Nililala nalo kabisa.

Kwa hiyo chukua. Ukiamua kuliacha, liache, mimi sitauliza. Ukiamua kuliandika, liandike lote, usinichagulie mazuri.

Ukiliandika, mimi nitafanya hivi. Siku litakaporushwa nitaiweka redio barazani, sauti juu. Tekla atakuja, mchezo wa redio haumpiti, na safari hii ni wa mtoto aliyemuogesha. Nitampa kiti chenye mgongo. Mama Chausiku atakapotazama kushoto na kulia, mimi nitakuwa nimeinama nachagua chagua kitu kwenye ungo. Huenda akaniuliza, "Wifi, ndivyo ilivyokuwa?" Huenda akanyanyuka akaenda zake bila kuaga, na asubuhi yake nikifika bombani mazungumzo yakakatika. Hapo sijui nitasimama vipi. Nimejaribu kujiona nimesimama na ndoo yangu, sijioni.

Naogopa, mwanangu. Naogopa sana. Wewe andika tu.

Mama yako,
Veronika